"Ordenador" ni Kilatini kilichopitia Paris

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta, najifunza Kihispania jioni baada ya kufunga kazi. Kitabu changu kinaiita kompyuta "ordenador", lakini rafiki yangu wa Mexico akinisikia hucheka, yeye husema "computadora". Kamusi nayo inaniambia "ordenador" limetoka kwenye Kilatini "ordinator". Warumi walikuwa nalo la nini neno hilo? Lina undugu na "order" ya Kiingereza, maana oda za wateja naziandika kila siku? Na mimi nishike lipi kati ya hayo mawili?

Jibu: Fundi, kamusi yako haijadanganya, ila imeruka kituo kimoja, na kituo hicho ndicho chenye habari yote.

Mtu akisoma kwamba neno la Kihispania "limetoka Kilatini", hudhani limerithiwa kinywa kwa kinywa, kuanzia kwa askari wa Kirumi hadi kwa vilembwe vyake, likisagika kidogo kidogo njiani. "Agua", maji, lilikuja hivyo, kutoka "aqua". "Mesa" nalo kutoka "mensa", na Wareno wakatuletea sisi hilohilo tukaliita meza. "Ordenador" kwa maana ya mashine unayoifungua kwa bisibisi halikuja kwa njia hiyo. Lilifufuliwa na profesa mmoja wa Kilatini mjini Paris mwaka 1955, kwa ombi la idara ya matangazo ya kampuni, kisha likavuka milima ya Pirenei likavaa nguo za Kihispania.

Ilikuwa hivi. IBM ya Ufaransa ilikuwa inaandaa soko la mashine mpya ya kuchakata taarifa. Kwa Kiingereza iliitwa "computer". Kifaransa kilikuwa na "calculateur" na "calculatrice", lakini maneno hayo watu walishayazoea kwa mashine ndogo za kujumlisha na kutoa. Mashine hii ilipokea kadi, ikazichambua, ikapanga taarifa kwa maelekezo iliyopewa, ikatoa majibu. Kuiita kikokotoo kungekuwa kuishusha cheo mbele ya wateja ambao wangetakiwa kuilipia fedha nyingi. Mkuu wa matangazo, François Girard, akamkumbuka mwalimu wake wa zamani, Jacques Perret, aliyekuwa akifundisha Kilatini katika chuo kikuu cha Sorbonne, akamwomba jina.

Barua ya Perret ni ya tarehe 16 Aprili 1955, nami huwapa wanafunzi wangu waisome kila mwaka kwa sababu inaonyesha mtu anavyofikiri anapounda istilahi, jambo ambalo kamati zetu nyingi hulifanya bila kutuachia maelezo. Anauliza, mnaonaje "ordinateur"? Neno limeundwa kwa kanuni, na limo hata kwenye kamusi ya Littré, likiwa sifa ya Mungu anayeutia ulimwengu mpango. Tena linazaa kitenzi na jina la tendo bila taabu. Kisha anajipinga mwenyewe: jina la tendo, "ordination", tayari ni ibada ya kumpa mtu upadri. Lakini anaona dini na hesabu za ofisi ziko mbalimbali kiasi kwamba hakuna wa kuzichanganya. Anapima na mengine. "Combinateur" analiona lina harufu ya ujanja-ujanja, kwa sababu ya "combine", neno la mitaani kwa dili zisizo safi. "Congesteur" na "digesteur" yanakumbusha mno mambo ya tumbo na mafua. Mwishoni anaelekea kwenye umbo la kike, "ordinatrice électronique", akisema litajitenga vizuri zaidi na teolojia.

Kampuni ikachukua la kiume. Ilikusudia kulishika kama jina lake la biashara, lakini Wafaransa walilipenda upesi mno, wakaliita hivyo kila mashine ya namna ile hata kama imetengenezwa na mshindani, na IBM ikaliacha liwe la wote.

Sasa Warumi. Kiishio "-tor" cha Kilatini kinataja mtendaji, kazi ileile inayofanywa na "m-" na "-ji" katika mpangaji au msomaji. "Ordinare" ni kupanga, kutia utaratibu. "Ordinator" ni mtu mwenye kupanga. Katika Kilatini cha Kikristo neno lilipanda daraja: likatumika kwa Mungu mwenye kuratibu viumbe, na kwa askofu anayeweka mtu wakfu. Ndiyo sababu Perret aliingiwa na wasiwasi kidogo.

Mzizi wa yote ni "ordo", na hapa naomba uwe na subira, kwani neno hili lina utajiri. "Ordo" ni mstari, safu. Safu ya mizabibu shambani ni "ordo". Safu ya makasia kwenye merikebu ni "ordo". Safu ya askari vitani ni "ordo", na kwa kuwa safu za jeshi zina wakuu wao, neno likaanza kubeba maana ya cheo. Safu za viti katika ukumbi wa michezo pia ni "ordines". Mwaka 67 KK ilipitishwa sheria mjini Roma, Lex Roscia, iliyotenga safu 14 kwa ajili ya tabaka la equites, matajiri waliokuwa chini ya maseneta. Ukiangalia mtu amekaa safu ipi unajua ni wa tabaka lipi, hivyo tabaka lenyewe likaitwa "ordo": ordo ya maseneta, ordo ya equites. Kanisa lilipohitaji neno kwa ngazi za shemasi, padri na askofu, likalikuta hili tayari, na Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili wakalifasiri vyema kabisa: Daraja Takatifu. Kuanzia mizabibu hadi altare, wazo ni moja tu, vitu au watu waliowekwa mahali pao kwa mfuatano.

Nyuma zaidi ya hapo kuna ufumaji. Wataalamu wengi wa asili ya maneno huliunganisha "ordo" na kitenzi "ordiri", ambacho kwanza kilimaanisha kuanza kufuma, yaani kutanda nyuzi za urefu kabla ya kupitisha za upana. Sisi nyuzi hizo tunaziita mtande, na zile zinazopishana nazo mshindio. Kihispania bado kinacho kitenzi hicho kwa njia ya urithi halisi: "urdir", kutanda nyuzi, na siku hizi zaidi kula njama, mtande wenyewe ni "urdimbre". Kwa kuwa mtande ndio mwanzo wa nguo, "ordiri" likawa kuanza jambo lolote, hasa hotuba. Kutoka huko Kiingereza kimepata "exordium", utangulizi wa hotuba, na "primordial", cha tangu mwanzo kabisa.

Wapo wanaopenda kuruka kutoka hapa hadi kwa Jacquard wa Lyon, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alitumia kadi zenye matundu kuamua nyuzi zipi za mtande zinyanyuke, kisha wakaziunganisha na kadi za IBM, wakatangaza kwamba "ordinateur" limerudi nyumbani kwa wafumaji. Inapendeza masikioni. Perret hakuwa na habari hiyo akilini. Barua yake haitaji ufumaji hata mara moja. Kutupata sisi tukiita intaneti kwa neno lililotokana na kutanda, mtandao, nako ni watu wawili kufikia wazo moja kila mtu kwa njia yake.

Turudi kwenye Kihispania, maana sura ya neno lenyewe inatoa ushahidi. Maneno ya Kilatini yaliyorithiwa kwa mdomo Uhispania yalikuwa na tabia ya kumeza irabu dhaifu ya katikati. "Hominem", mtu, likawa "hombre". "Seminare", kupanda mbegu, likawa "sembrar". "Femina" likawa "hembra". "Ordinem", ambalo ni "ordo" hilohilo katika umbo jingine, lingetumiwa na wakulima na wachungaji tu lingepata pigo hilohilo. Badala yake tuna "orden", na kitenzi "ordenar", irabu ya katikati imesimama imara. Maana yake ni kwamba makasisi na makarani, watu wenye kalamu mkononi, walilishikilia lisisagike sana. Hata hivyo halikubaki Kilatini kitupu: "i" ya "ordinare" imekuwa "e", na "t" ya "ordinatorem" imelainika kuwa "d". Ndiyo maana Wahispania walipotaka kuiga "ordinateur" la Kifaransa hawakuhitaji kubuni chochote. Walikuwa na "ordenar", walikuwa na "-dor", na kwa kweli walikuwa na "ordenador" lenyewe, likimaanisha mtu. Serikalini Uhispania, "ordenador de pagos" ni afisa mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo. Kilichokopwa Paris ni maana tu. Mwili wa neno ulikuwepo nyumbani. Na kiishio cha mtendaji kugeuka kiishio cha kifaa si ajabu kwa lugha hiyo: "despertador" ni saa ya kengele, "ventilador" ni feni, "secador" ni mashine ya kukaushia nywele. Sisi tungebadili ngeli, tukatoka "m-" tukaenda "ki-". Wao wanaacha mtu na mashine wavae kofia moja.

Kuna ndugu mwingine wa familia hii ambaye ni lazima umjue kabla hujaandika tangazo la biashara kwa Kihispania. "Ordeñar", lenye kile kimstari juu ya "n", ni kukama ng'ombe. Kamusi za Kihispania hulitoa, kwa tahadhari kidogo, kwenye kitenzi cha Kilatini cha mitaani kilichotokana na hilohilo "ordo" na kumaanisha kutengeneza, kuweka sawa. Kwa hiyo "ordenador" ni kompyuta na "ordeñador" ni mkamaji, na wote wawili wana babu mmoja. Huyu wa pili alilelewa zizini, wa kwanza ofisini. Kimstari kimoja tu, na mteja wako wa Madrid atacheka zaidi ya rafiki yako wa Mexico.

Ama kuhusu huyo rafiki, kicheko chake nacho kina historia. IBM ilitangaza nchini Marekani mwaka 1953 mashine yake ya modeli 650, na modeli hiyo ndiyo iliyobatizwa "ordinateur" kwa Kifaransa. Modeli hiyohiyo ilifungwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico, UNAM, mwaka 1958, ikawa kompyuta ya kwanza nchini humo. Modeli hiyohiyo tena ilifika Uhispania mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye shirika la reli, RENFE. Chuma ni kilekile. Lakini wahandisi wa Mexico walisoma vitabu vya Marekani, wakashughulika na mafundi wa Marekani, na neno walilolisikia ni "computer", ambalo kwa mwenye Kihispania halihitaji hata kutafsiriwa, linageuzwa kiishio tu. Uhispania, jirani wa Ufaransa, kwa muda iliyumba kati ya maneno kadhaa, "computador" na "cerebro electrónico", ubongo wa umeme, yakiwemo, hadi "ordenador" likashinda. Wakatalani wakaandika "ordinador". Wabaski, ambao lugha yao haina uhusiano wowote na Kilatini, walichukua shina hilo wakalitia "gailu", kifaa, likawa "ordenagailu". Wareno, ingawa wamepakana na Uhispania tu, walibaki na "computador" pamoja na Wabrazili.

Na kwa nini "computadora", la kike? Kwa sababu "máquina", mashine, ni la kike, na ukisema "máquina computadora" kisha ukaacha neno la kwanza, umbo la kike linabaki peke yake. Mexico na Argentina hulitumia hilo. Chile na Colombia hupendelea "computador". Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Buenos Aires iliyoanza kazi mwaka 1961 hata ilipewa jina la kike, Clementina. Perret na "ordinatrice" yake angejisikia nyumbani huko.

"Computare" nalo ni la Kilatini, usidhani ni Kiingereza kilichopakwa rangi. Ni "com-", pamoja, na "putare". "Putare" mwanzoni lilikuwa kusafisha, na hasa kupogoa mizabibu. Mtu aliyesafisha hesabu zake, akaondoa yasiyotakiwa, aliambiwa vilevile amefanya "putare", na kutoka hapo neno likafika kwenye kudhani na kufikiri. Kihispania kimeirithi ile maana ya shambani katika "podar", kupogoa, na hapa kanuni za mdomo zimetimia zote: "u" imekuwa "o", "t" imekuwa "d". "Computare" nalo lilirithiwa likasagika hadi kuwa "contar", kuhesabu na pia kusimulia, halafu karne nyingi baadaye wasomi wakalichukua tena kutoka vitabuni likiwa zima, "computar". Neno moja, safari mbili. Kwa hiyo "contador", mhasibu, na "computador", kompyuta, ni neno moja la Kilatini lililovaa mavazi ya nyakati tofauti.

Kiingereza kimefanya vilevile. "Count", kuhesabu, lililetwa na Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066. "Compute" lilifuata vitabuni baadaye sana. Pamoja nao wamo "account", "dispute", "reputation", "deputy", na hata "amputate", kukata kiungo, ambalo bado lina panga la mpogoaji mkononi. "Computer" lilikuwa mtu kabla ya kuwa kifaa: lipo kwenye maandishi ya Kiingereza tangu 1613 likimaanisha mpiga hesabu. Wanawake waliokuwa wakikokotoa majedwali ya mizinga pale Philadelphia wakati wa Vita Kuu ya Pili waliitwa "computers", na sita miongoni mwao ndio walioiprogramu ENIAC, mashine iliyoonyeshwa kwa umma Februari 1946.

Kutoka kwa familia hiyo, kupitia Kiingereza, tumepata kompyuta. Tumepata na akaunti. Na kaunta pia, kwa kuwa "counter" ilikuwa meza ya kuhesabia fedha kabla haijawa mahali pa kuegemea kusubiri soda. Tahadhari moja: kaunti za Kenya hazimo. "County" linatokana na "comes", mwenzi wa safari, ambaye baadaye alikuwa mwandani wa mfalme na mtawala wa eneo. Kufanana kwake na "count" la kuhesabu ni kwa sauti tu, na wengi hunaswa hapo.

Waarabu, pamoja na neno la Kiingereza wanalolitamka kwa namna yao, wana "hasub", lenye mzizi uleule uliotupa hesabu. Ukiuliza lugha nyingi za dunia utaona zimegawanyika hivyo, upande mmoja wanaoiona mashine hii ikihesabu, upande mwingine wanaoiona ikipanga. Binafsi naona Perret alikuwa na jicho kali zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi unayoifanya wewe kila siku, mafaili, folda, kumbukumbu za wateja, ni kupanga. Lakini neno halishindi kwa kuwa sahihi. "Tarakilishi" limeundwa kwa makini na linafundishwa Kenya, na bado mtu akienda dukani anaulizia kompyuta.

Umeuliza kuhusu "order". Ndiyo, ni ndugu wa damu wa "ordenador", na "oda" yako vilevile. Utajiuliza hiyo "r" ya mwisho imetoka wapi ilhali Kilatini kina "n": "ordo", "ordinem". Imetoka kwa Wafaransa. "Ordinem" walipoimeza irabu yake ikawa "ordne", mkusanyiko wa konsonanti uliowachosha ulimi, wakaibadili "n" kuwa "r": "ordre". Walifanya hivyo kwa "diaconum", shemasi, likawa "diacre", na kwa London yenyewe, wanayoiita "Londres". Kiingereza kilipolipokea "ordre" kilianza nalo kanisani, kwa vyeo vya makasisi na mashirika ya watawa; amri ya mkubwa kwa mdogo ilikuja baadaye, na agizo la bidhaa baadaye zaidi.

Wengine wa ukoo huo katika Kiingereza utawatambua ukishajua sura: "ordain", "ordinal", "coordinate", "subordinate". "Ordinary" ni kilicho ndani ya safu, cha kawaida, na "extraordinary" kilichotoka nje yake. Wamarekani wa vijijini waliligeuza "ordinary" kwa matamshi yao hadi likawa "ornery", mtu mkorofi. "Ordinance", sheria ndogo, na "ordnance", mizinga na zana za kivita, yalikuwa neno moja lililogawanyika kwa tahajia, na taasisi ya ramani ya Uingereza inaitwa Ordnance Survey kwa sababu mwaka 1791 kazi hiyo ilikuwa ya idara ya zana za jeshi. "Adorn" na "ornament" nayo wengi huyaweka humu, kupitia "ornare", kwani kupamba kulianza kama kupanga.

Ila undugu huo usikutie mtegoni. Oda ya mteja kwa Kihispania cha Uhispania si "orden", ni "pedido", kutoka "pedir", kuomba. "Orden" lenyewe lina jinsia mbili: "el orden" ni mpangilio, kama "orden alfabético", na "la orden" ni amri au hati, kama "orden de pago". Ukiwa mkahawani Madrid ukasema unataka "ordenar", mhudumu anaweza kudhani unajitolea kupanga meza. Mexico atakuletea chakula, na ukiomba "una orden de tacos" utapata sahani nzima.

Kuhusu lipi ushike, usihangaike. Kama kitabu chako ni cha Uhispania na unalenga mitihani ya Instituto Cervantes, endelea na "ordenador" lakini ulitambue jingine. Hakuna mtahini atakayekukata maksi kwa kusema "computadora", mradi usiyachanganye katika insha moja. Ukizungumza na rafiki yako, mpe neno lake. "Ordenador" analielewa vizuri sana, ila masikioni mwake linasikika kama filamu ya Kimarekani iliyotiwa sauti Madrid. Na kwa kuwa wewe ni fundi, yaandike haya pembeni ya daftari: Uhispania ya mezani ni "ordenador de sobremesa" na ya kubeba ni "portátil"; Mexico ya mezani ni "computadora de escritorio", na ya kubeba wanaiita "laptop" tu kama wewe unavyoiita.